Tulimwambia Mama akae apumzike, miguu ikaanza kumkimbia

Tangu nikiwa mdogo nilikuwa najua nani anapita koridoni bila hata kutoa kichwa nje ya chumba. Baba alikuwa anakanyaga kwa kisigino mpaka sakafu inajibu, kaka yangu hakuwa anatembea alikuwa anakimbia tu, na Mama alikuwa na ile hatua yake nyepesi ya haraka, ko-ko-ko, kama mtu aliyeacha kitu jikoni kinaungua. Mwaka juzi nikarudi kukaa naye na kitu cha kwanza kilichonishtua sio mvi wala mikunjo, ni sauti. Ko-ko-ko haikuwepo. Kulikuwa na sauti ya ndala zinaburuzwa, shwaa, shwaa, alafu kimya, alafu shwaa tena. Siku ya kwanza nilidhani kuna mgeni ndani ya nyumba.

Nikamuuliza, Mama miguu inakuuma? Akasema haiumi, mwanangu ni uzee tu huo. Nikampigia dada yangu simu, na yeye akasema ni uzee. Na mimi nikalikubali hilo neno, manake ukishasema uzee mjadala umekwisha, hamna swali lingine la kuuliza. Naandika haya leo kwa sababu hilo neno lilitupotezea karibu mwaka mzima, na kama una mzazi au bibi au babu ameanza kutembea tofauti na zamani naomba uvumilie urefu usome.

Dalili zilikuwepo nyingi tu, ila nilikuwa naangalia bila kuona. Alikuwa akipita koridoni mkono mmoja unagusa ukuta, sio kuegemea, kugusa tu, na ukifika sebuleni unahamia kwenye mgongo wa kochi, kisha meza, kisha fremu ya mlango, yaani alikuwa na njia yake kabisa ya vitu vya kushika. Akitaka kugeuka alikuwa hageuki kama zamani kwa hatua mbili, anageuka kwa vihatua vidogo sita saba kama anazunguka kitu kisichoonekana. Akikaa kwenye kiti zile sentimita za mwisho alikuwa anajiachia anadondoka. Na ukimuuliza kitu akiwa anatembea, anasimama kwanza ndo anajibu. Hilo la mwisho mi nililiona kama heshima, kwamba Mama ananisikiliza vizuri. Nitalirudia hapo mbele.

Kisha siku moja akiwa anakunja mkono wa gauni nikaona kiwiko kimevilia damu, zambarau imeanza kugeuka njano, maana yake si cha jana. Akasema aligonga mlango. Nikamwacha. Wiki mbili baadaye akiwa ametulia akaniambia mwenyewe kwamba alianguka usiku akienda chooni, akakaa sakafuni hajui muda gani kwa sababu hakuweza kuinuka, akajivuta kwa makalio mpaka kitandani akashika ukingo akapanda. Na mi nilikuwa nimelala chumba cha pili! Nikamuuliza kwa nini hukuniita, kwa nini hukusema asubuhi, akanijibu hivi: "Nilijua mtanikataza kutembea."

Na ndicho hasa tulichofanya.

Naomba mnielewe, tulifanya kwa upendo na kwa hofu. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao 684,000 wanakufa kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na wengi wao ni watu waliopita miaka 60, na wengine zaidi ya milioni 37 kila mwaka wanaanguka vibaya kiasi cha kuhitaji matibabu. Ukisoma namba kama hizo usiku wakati mama yako ana alama ya kuanguka mwilini, unafanya kitu cha kwanza kinachokuja kichwani. Kwa hiyo ikawa Mama kaa, nitaleta mimi. Mama usiinuke, unataka nini? Mama acha hiyo ndoo. Maji analetewa, chakula analetewa, simu analetewa, hata dirisha akitaka kufungua kuna mtu anakimbia. Kaka alipokuja kututembelea akamnunulia Mama kiti kizuri kirefu cha kulalia nusu, tukakiweka karibu na dirisha, tukajisikia tumefanya la maana.

Miezi minne. Baada ya miezi minne Mama alikuwa hawezi kuinuka kwenye hicho kiti bila kuvutwa mkono.

Baadaye nilikuja kusoma kuhusu utafiti mmoja uliofanyika Marekani ukachapishwa 2007, walichukua wazee wenye afya zao wakakubali kulala kitandani siku 10 tu, hawaumwi, wamelala tu, na mwisho wa hizo siku miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo nzima ya nyama, nyama yenyewe sio mafuta. Siku 10! Sisi tulimkalisha Mama siku 120. Kila nikifikiria hiyo hesabu najisikia vibaya sana, na ndo sababu kubwa ya kuandika hapa, kwa sababu najua kuna nyumba nyingi ambazo sasa hivi kuna mtu anasema mama kaa nitaleta mimi.

Tulipompeleka kliniki daktari akamwangalia akatutuma kwa mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, dada mmoja mpole lakini hana haraka na maneno yako, Mama mpaka leo anamwita mwalimu. Jambo la kwanza hakumlaza wala kumpiga picha, alimkalisha kwenye kiti cha kawaida cha mikono akamwambia Mama inuka, tembea mpaka kwenye ule utepe pale, geuka, rudi, kaa. Utepe ulikuwa mita 3 kutoka kwenye kiti. Akabonyeza saa. Hicho kipimo kipo tangu 1991 na kinatumika dunia nzima, na ukifika sekunde 12 au zaidi wanahesabu kwamba uko kwenye hatari ya kuanguka. Mama alitumia 21. Nilisimama pale nikaona kila kitu ambacho nyumbani nilikuwa nakiona vipande vipande: jaribio la kwanza la kuinuka limeshindikana, la pili limefaulu, hatua fupi, miguu imetanuka kama mtu aliye kwenye boti, kugeuka kwa vihatua saba, na kudondoka kitini.

Alafu akatueleza kitu ambacho sijawahi kukifikiria maishani, kwamba kutembea ni kuanguka na kujidaka. Kila hatua mwili unajiachia mbele, mguu unakuja kuudaka, mwili unajiachia tena. Mtu kijana anapotembea muda mwingi yuko kwenye mguu mmoja, ile sehemu ambayo nyayo zote mbili ziko chini ni kama moja ya tano tu ya mzunguko mzima wa hatua. Umri unavyokwenda hiyo sehemu inaongezeka, kwa sababu mwili haujiamini tena kwenye mguu mmoja, kwa hiyo unawahi kuushusha mwingine. Ndo maana hatua inakuwa fupi. Sio kwamba mzee ameamua kutembea taratibu, ni mwili unakataa kuachia. Na spidi sio jambo dogo, mwaka 2011 watafiti waliunganisha tafiti tisa zenye wazee zaidi ya 34,000 wakakuta kwamba spidi ya mtu ya kutembea inahusiana na muda atakaoishi, waliokuwa wanatembea haraka zaidi waliishi zaidi. Haina maana ukimkimbiza mzee anaongeza miaka, la hasha, ni kwamba ili utembee vizuri moyo, mapafu, misuli, macho, mishipa ya fahamu na ubongo vyote vinatakiwa viwe kazini kwa pamoja, kwa hiyo mwendo unakuwa kama kioo cha vyote hivyo.

Sasa nikamuuliza, basi ni uzee si ndio? Akasema uzee upo, ila uzee wa nini? Wa macho? Wa masikio? Wa nyayo? Wa misuli? Wa dawa? Tukianza kuuliza hivyo tunaweza kufanya kitu. Aisee hapo ndo akili yangu ilifunguka.

Akamwambia Mama asimame wima, miguu imegusana, mikono chini, yeye akasimama karibu kabisa nyuma yake mikono tayari. Mama akasimama vizuri tu. Akamwambia sasa funga macho. Jamani. Haikupita sekunde tatu Mama akaanza kuyumba kama mti kwenye upepo, akadakwa. Hicho kipimo ni cha zamani sana, kina jina la daktari Mjerumani, Romberg, wa karne ya 19, na hakihitaji mashine yoyote. Kinachoonyesha ni hiki: ili usimame bila kuanguka ubongo unapokea habari kutoka sehemu tatu, macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo vya miguu. Kijana akifumba macho hizo nyingine mbili zinatosha. Mama zile mbili zilikuwa zimechoka, kwa hiyo alikuwa anasimama kwa macho. Macho ndo yalikuwa miguu yake!

Na hapo nikaelewa kwa nini alianguka usiku. Hakuanguka kwa sababu usiku kuna kitu cha kujikwaa. Alianguka kwa sababu gizani alibaki hana kitu cha kusimamia. Na macho yenyewe hata mchana hayakuwa mazima, mtu akifika miaka 60 hivi mwanga unaofika nyuma ya jicho ni kama theluthi ya ule anaopata kijana wa miaka 20, yaani pale wewe unapoona mwanga hafifu yeye anaona giza, na Mama juu ya hapo alikuwa na mtoto wa jicho upande wa kulia. Alafu miwani yake ni ile ya lensi mbili, juu ya mbali chini ya kusomea. Ukishuka ngazi unaangalia chini, ukiangalia chini unapitia kwenye lensi ya kusomea, na ngazi iko mbali kuliko kitabu, kwa hiyo inaonekana ukungu. Mi nilikuwa namwambia kila siku "Mama angalia chini unapokanyaga", kumbe ndo namwambia aangalie ukungu. Tukamtengenezea miwani nyingine ya lensi moja ya kutembelea nje, jicho likafanyiwa upasuaji baadaye.

Nyayo nazo. Mama ana kisukari miaka mingi, na kisukari kinaharibu mishipa ya fahamu kuanzia vidoleni kwenda juu. Mwalimu alimgusa na kitu kama uzi mgumu wa nailoni sehemu kadhaa chini ya nyayo akiwa amefumba macho, na kuna sehemu aliguswa hakusema chochote. Hakuwa anaisikia sakafu vizuri, na sisi tukawa tumemnunulia zile ndala laini zenye soli nene kama godoro tukidhani tunamhurumia. Soli nene laini inaziba hata kale kahabari kadogo kalikobaki, na ndala isiyo na mkanda nyuma inamlazimisha abane vidole ili isichomoke, kwa hiyo mguu hauinuki. Ile shwaa shwaa, nusu yake ilikuwa ndala! Tukabadilisha, viatu vyepesi vyenye kufunga kisigino, soli nyembamba ngumu kiasi isiyoteleza.

Sikio ndo lilinishangaza kuliko vyote manake sikujua lina kazi nyingine zaidi ya kusikia. Ndani kabisa kuna vimirija vitatu vimepinda, vina majimaji, ukigeuza kichwa majimaji yanachelewa na ubongo unajua umegeuka upande gani. Pembeni yake kuna vifuko viwili vyenye vichembe vidogo sana vya chokaa vinavyokuambia juu ni wapi chini ni wapi. Umri unavyokwenda zile seli za humo ndani zinapungua na hazioti tena, na wakati mwingine vile vichembe vinang'oka vinaingia kwenye mirija ambako havitakiwi. Ikitokea hivyo ukijigeuza kitandani chumba kizima kinazunguka kwa sekunde kadhaa alafu kinatulia. Nikamgeukia Mama, akasema eeh hiyo ninayo, nikilalia kulia nyumba inazunguka, nilidhani presha. Miaka miwili alikuwa nayo! Mwalimu akamlaza, akamgeuza kichwa kulia, akasubiri, kushoto, akasubiri, akamgeuza na mwili, akamwinua taratibu. Dakika chache. Wiki iliyofuata akarudia mara moja na kikaisha. Hiyo njia ilibuniwa na daktari wa Marekani anaitwa John Epley, haina kidonge wala sindano. Usijaribu kumfanyia mtu mwenyewe kwa kuangalia video maana lazima kwanza ijulikane ni sikio gani na kama kweli ndo hiyo shida, lakini ukisikia mzee anasema nikijigeuza kitandani nazungukwa, tafadhali usimwambie ni uzee.

Sasa misuli. Hapa kuna kitu Mama alisema ambacho sitakisahau. Alimwambia mwalimu: "Nilijua naanguka. Niliona kabisa. Nikausubiri mguu uje, haukuja." Mwalimu akasema ndivyo hasa ilivyo. Misuli ina nyuzi za aina mbili kubwa, za polepole zinazokuwezesha kusimama na kutembea muda mrefu, na za haraka zinazokuwezesha kuruka, kukimbia, na kurusha mguu mbele ukijikwaa. Uzee unakula zile za haraka kwanza. Kwa hiyo mzee anaweza kuwa anatembea hata nusu saa bila shida ukadhani miguu ni mizima, siku anajikwaa ndo unagundua breki hazipo. Ubongo umeshajua, amri imeshatumwa, mguu unafika umechelewa. Na kifundo cha mguu kinapoteza ile nguvu ya kusukuma ardhi nyuma, kwa hiyo kidole gumba kinapita chini chini. Hata kwa kijana kidole kinapita sentimita moja au mbili tu juu ya sakafu, kwa mzee kikishuka kidogo tu ukingo wa kapeti unatosha. Tulitoa kapeti zote ndogo siku hiyo hiyo.

Nirudi kwenye lile la kusimama ndo anajibu. Mwaka 1997 huko Sweden watafiti waliandika kitu kidogo lakini kizito, walikuwa wanawasindikiza wazee kutembea huku wanapiga nao stori, wakaangalia nani anasimama akiongeleshwa, na wale waliosimama wakaja kuanguka zaidi miezi iliyofuata. Kwa sababu kutembea kwa kijana kunajiendesha kwenyewe, ubongo uko huru kuongea, kwa mzee ambaye habari zake zile tatu zimepungua ubongo unafanya kazi ya kutembea kwa makusudi, hatua kwa hatua, kama mtu anayehesabu. Ukimuuliza swali unamnyang'anya akili aliyokuwa anatembelea. Mama alikuwa anasimama ili asianguke, na mi nikaona heshima. Siku hizi nyumbani kwetu hamna kumwita Mama kwa nyuma, na akiwa anashuka ngazi hatumuulizi kitu mpaka afike chini.

Dawa nitapita haraka. Alikuwa na kidonge cha usingizi alichoandikiwa zamani kikawa cha kudumu, na dawa mbili za presha. Walimpima presha amelala, alafu amesimama, ile namba ya juu ikashuka zaidi ya 20. Damu inachelewa kupanda kichwani ukiinuka ghafla. Daktari akapunguza dawa moja na kile cha usingizi akakipunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa mpaka kikaisha. Nasisitiza daktari, sio mimi, kuacha dawa za presha kienyeji ni hatari, na hata cha usingizi ukikikata ghafla kinaleta shida nyingine. Ila beba dawa zote kwenye mfuko umwonyeshe, zote, hata zile za dukani.

Na kuna mambo ambayo sio uzee kabisa na hayasubiri: mwendo ukibadilika ghafla ndani ya siku moja, upande mmoja ukilegea, miguu ikaanza kuganda chini kama imegundishwa, au mwendo ukaharibika pamoja na kumbukumbu na kushindwa kuzuia mkojo kwa wakati mmoja. Hapo ni hospitali, tena haraka.

Kitu kilichochukua muda mrefu kuliko vyote ni hofu. Mtu akishaanguka mara moja anaanza kutembea kama anatembea kwenye barafu, magoti yamekakamaa, macho chini, mabega juu, na mwendo huo wenyewe unaongeza kuanguka. Akiogopa hatembei, asipotembea misuli inaisha, misuli ikiisha anaanguka kweli, kisha anaogopa zaidi. Sisi tulikuwa tunaisukuma hiyo gurudumu kwa mikono yetu kila tuliposema kaa Mama. Mwalimu hakutugombeza, alituambia tu neno moja: mnamsaidia kazi ambayo ni dawa yake.

Mazoezi aliyompa yalikuwa madogo mpaka nikatilia shaka. Kuinuka kitini na kukaa polepole bila kudondoka, mara tano, baadaye kumi, mwanzo kwa mikono kisha bila mikono. Kusimama kwa vidole vya miguu akishika sinki la jikoni. Kusimama mguu mmoja, bado anashika sinki, kisha vidole viwili tu, kisha kimoja. Kutembea kisigino mbele ya vidole kama mtu anayepima chumba kwa nyayo. Kutembea kando. Kutembea huku anageuza kichwa. Nikamuuliza, hivi si atembee tu kila siku inatosha? Akasema kutembea ni kuzuri kwa moyo, lakini mizani, yaani ule uwezo wa kusimama bila kuyumba, inajengwa kwa kuisumbua mizani, lazima umpeleke mtu karibu na ukingo wa kuyumba, mahali salama, ili mwili ujifunze kurudi. Nimesoma baadaye, na kweli ushahidi uko hivyo, mapitio makubwa ya 2019 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya majaribio 108 yenye watu zaidi ya 23,000 yakaonyesha mazoezi yanapunguza kuanguka kwa karibu robo, na yanayofanya kazi vizuri ni haya ya mizani na ya shughuli za kila siku, tai chi, yale mazoezi ya taratibu ya Kichina, nayo inasaidia.

Na kwa yeyote anayefikiria mzazi wake amechelewa, mwaka 1990 kule Marekani Maria Fiatarone na wenzake waliwapa mazoezi mazito ya miguu wazee 10 dhaifu waliokuwa wanaishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, umri wao wastani miaka 90, kwa wiki 8. Waliomaliza walikuwa tisa. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka tisini! Nilimsomea Mama hiyo habari akanyamaza alafu akasema, kumbe mimi bado msichana.

Fimbo aliikataa miezi miwili. Hakusema hataki, alikuwa anaisahau. Kila tukitoka fimbo imebaki. Nikaacha kumsukuma, mwalimu akaja kumwambia fimbo sio ya kusimamia ni ya kusikilizia, mkono unaoshika fimbo unausikia chini ambako nyayo hazisikii, na hiyo ikamwingia kwa sababu ilikuwa kweli. Tulikuwa hata hatujui kuitumia, nilidhani unashika upande wa mguu mbovu kumbe ni upande wa pili, goti la kulia linakusumbua fimbo iko kushoto, na urefu wake ukisimama mkono umening'inia mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono.

Kitu cha mwisho alichofundishwa ni kuinuka kutoka sakafuni. Nilipinga, nikasema huyu si tunamzuia asianguke, kwa nini tumlaze chini? Lakini kilichomtisha Mama usiku ule sio kuanguka kwenyewe, ni kukaa pale chini hajui ataamkaje. Akafundishwa: usiharakishe, vuta pumzi, jiangalie kama umeumia, jigeuze ubavu, nenda magoti na mikono, tambaa mpaka kwenye kiti, mguu mmoja wenye nguvu mbele, sukuma, geuka ukae. Siku alipofaulu peke yake alikaa kwenye kile kiti amelowa jasho akatuangalia wote mmoja mmoja hakusema kitu. Tangu siku hiyo mabega yake yameshuka. Naona ndo siku hofu ilipoanza kutoka.

Sa hivi ni miezi tisa. Kipimo cha kiti na utepe mara ya mwisho sekunde 13. Miguu bado imetanuka kidogo, kugeuka ni hatua nne, kisukari kipo na nyayo hazitarudi, hatua zake hazitakuwa zile za zamani na sijidanganyi. Kile kiti kirefu cha dirishani tumempa mtu. Maji anachukua mwenyewe, na mimi nakaa nimejishika magoti nisiinuke, ni kazi ngumu kuliko kubeba.

Juzi usiku niliamka saa nane nikasikia kitanda chake kimelia. Zamani ningeshakuwa mlangoni. Nikabaki nimelala. Taa ndogo ya koridoni ikawaka, ile tuliyofunga inajiwasha yenyewe mtu akishusha miguu. Kisha kimya, na nikajua amekaa ukingoni anahesabu kama alivyofundishwa, anaipa damu muda wa kupanda. Kisha vikaanza viatu, ko, ko, ko, vimeachana, vya taratibu, bila kuburuza. Nikahesabu mpaka chooni, kumi na nne. Na kumi na nne kurudi.